Upinde Wenye Pini Saba

Haijanitoka moyoni asubuhi ile, mwanangu, na nikiizungumza hata sasa mikono inaniwasha kama inataka kuvuta ugwe wa upinde. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa kumi. Wakati huo mimi nina miaka ishirini na saba, nina nguvu, nina mdomo, na baba yangu mzazi amekaa kando yangu ndani ya gari langu lililochoka, tunatoka Brooklyn Park, hapa Minnesota, kwenda duka la pinde. Baba yangu, nakwambia! Mzee wa Kitui ambaye nilipokuwa mdogo alinichapa kwa kugusa upinde wake, ati msichana hagusi upinde. Leo ananisindikiza nikanunue saiti. Haiya! Nilikuwa na-drive huku nikiimba.

Weka hiyo simu chini unisikilize. Picha uliyonionyesha nimeiona, hiyo saiti unayotaka kununua, yenye pini saba zinazong'aa. Ni nzuri, sikatai. Lakini saiti ndugu yake niliwahi kuwa nayo, na ilinitoa machozi. Na nikimaliza usinijibu kwa Kiingereza. Ukinijibu kwa Kiingereza naanza tena tangu mwanzo, na unajua sina haraka.

Kwa mwenzako aliyekaa hapo nawe na hajui tunazungumza nini: saiti ni kile kidude kinachofungwa juu ya mshikio wa upinde, duara ndogo, na ndani yake kuna pini nyembamba zenye ncha za rangi. Pini ya juu ni ya karibu, inayofuata ni ya mbali kidogo, na ya chini kabisa ni ya mbali zaidi. Unaweka ncha ya pini juu ya unachokilenga, unaachia. Kila pini unaifungua kwa skrubu na kuisogeza mwenyewe mpaka ikubaliane na mkono wako. Hiyo ndiyo inayoitwa saiti ya kurekebishwa. Kuinunua ni rahisi. Kuijua ndiyo kazi.

Sasa, kwa nini Baba alikuwa Minnesota? Alikuja kunitembelea majuma matatu, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa Jumanne. Sisi kwetu tuko wanne, wavulana watatu na mimi. Ukoo wa Baba ulikuwa wa wawindaji wa upinde na mshale wa sumu tangu enzi na enzi. Serikali ikapiga uwindaji marufuku, upinde ukapanda darini, na kaka zangu hata hadithi zake hawakutaka kuzisikia. Mimi ndiye niliyekuwa najibanza nyuma ya mlango nikisikiliza. Nilipofika huku nikakuta watu wanawinda kulungu kwa upinde, kwa leseni, mchana kweupe, wake kwa waume! Nikasema, ala, kumbe Mungu hakunisahau. Nikasoma darasa lao, nikapata leseni, nikanunua upinde uliotumika kutoka kwa mwenzangu wa kazini, kule tulikokuwa tunatunza wazee. Upinde wenyewe ulikuwa mzima, ila saiti yake ilikuwa imevunjika.

Nilitaka kitu kimoja tu, mwanangu. Kabla Baba hajapanda ndege Jumanne, nilitaka aseme kwa kinywa chake kwamba upinde wa nyumbani kwetu umepata mtu, na mtu huyo ni mimi. Hilo tu. Ningeweza kufunga na kuomba siku arobaini kwa ajili ya hilo.

Basi tukaingia dukani. Mwenye duka alikuwa mzungu mzee, mrefu, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba, mtu asiyependa maneno mengi. Akaniwekea saiti tatu mezani. Moja ilikuwa na pini moja inayopanda na kushuka. Ya pili ilikuwa na pini tatu, na kigurudumu kidogo ubavuni cha kuzishusha zote pamoja ukitaka kujaribu mbali. Ya tatu, mama yangu wee, pini saba! Kijani, nyekundu, njano, kijani tena, zinawaka kama taa za Krismasi. Moyo wangu ukaruka. Nikaishika hapo hapo.

Yule mzee akaniuliza, "Ni umbali gani unapiga sahani ya chakula kila mara, bila kukosa?"

Nikamwambia ishirini bila wasiwasi. Yadi ishirini, maana ndicho kipimo chao. Thelathini, mara nyingi. Akatikisa kichwa, akanisukumia ile ya pini tatu, akanyoosha vidole vitatu mbele ya uso wangu. Akasema chukua hii, weka ishirini, thelathini, arobaini, na hiyo ya arobaini iwe ya mazoezi tu mwaka huu. Zile saba, akasema, ni za mtu aliyekwisha kujua asichohitaji.

Baba hakujua Kiingereza. Akaniuliza kwa Kikamba, "Anasema nini, Mama?" Aliniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Na hapa, mwanangu, hata sasa naona haya kukuambia. Nikamjibu, "Anasema hii ya pini saba ndiyo ya watu wanaoijua kazi."

Uongo mtupu! Mchana kweupe, mbele ya mzazi. Lakini nilijiona nikiwa na pini tatu mbele ya mwindaji wa mishale ya sumu, nikaona kama ninamwonyesha upinde wa mtoto. Nilitaka aone kitu kikubwa. Baba akamtazama yule mzee, akatazama meza, akanitazama mimi. Akacheka kidogo, akasema, "Mchagua jembe si mkulima. Chukua twende." Mwenye duka akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Mtoto akililia wembe, mpe, akanifungia upindeni.

Alasiri ile ile tukaenda uwanja wa kupigia mishale, maana nilikuwa nimepanga twende kuwinda kesho yake alfajiri. Hebu ona haraka hiyo! Saiti mpya leo, porini kesho. Nikaanza kuirekebisha. Kuna kanuni moja utakayoiona ya kipumbavu mpaka uijaribu: mshale ukienda kushoto, unasogeza saiti kushoto. Ukienda chini, unaishusha. Unalifuata kosa. Baba aliipenda sana hiyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, koti langu la baridi limemfika magotini, akasema, "Hii ni akili. Hukimbii kosa lako, unalifuata lilikoenda."

Yadi ishirini, nikapiga vizuri. Thelathini, si haba. Arobaini, mshale mmoja kati ya mitatu uligusa sahani. Hamsini na kuendelea, mishale miwili iliingia majanini, nikaitafuta kwa magoti mpaka nikachoka. Basi zile pini nne za chini nikazipanga kwa kukisia, moja chini ya nyingine, zionekane zimejipanga.

"Na hizo za chini?" Baba akauliza.

"Ni za mbali, Baba."

"Umeshafika huko mbali?"

"Nitafika."

"Mmh," akasema. Unajua mmh ya mzee wa Kikamba, mwanangu. Ina maneno kuliko mahubiri ya Jumapili. Lakini mimi nilikuwa kiziwi wa furaha.

Jumamosi, kabla jua halijatoka, tulikuwa shambani kwa wazazi wa yule mwenzangu wa kazini, mwendo wa saa moja magharibi ya mji. Walikuwa wameniruhusu kuwinda kwenye msitu wao mdogo uliopakana na mahindi. Tukaingia kwenye kibanda cha turubai nilichokisimamisha chini ya miti. Baba kwenye kigoda, mimi kwenye kigoda, thamosi ya chai katikati yetu. Baridi, majani mekundu yametapakaa chini kila mahali, na baba yangu wa miaka sabini na kitu anatabasamu gizani kama amerudi ujanani. Nilisikia moyo wangu mpaka masikioni.

Kulipopambazuka, akatoka. Kulungu jike, mnene, masikio yanacheza, anatembea pembeni mwa mahindi kama mwenye shamba. Baba akanigusa goti kwa kidole kimoja. Mimi nikapiga goti, nikavuta ugwe, nikachungulia kwenye saiti.

Jamani! Pini zote saba zikaniangalia kwa pamoja. Kulungu alikuwa mbali, nilikisia arobaini, kwa hiyo nilikusudia pini ya tatu. Nikahesabu kutoka juu, nikapotea. Nikahesabu kutoka chini, nikapotea tena. Pini nyingine zimefunika ubavu, nyingine ziko miguuni, nyingine kwenye majani, zote zinacheza kwa sababu mkono wangu unacheza. Na yeye ameanza kupiga hatua. Kichwani mwangu sauti ikaniambia achia, achia, mradi umguse. Nikaachia. Mwanangu, mpaka leo hii sijui nililenga kwa pini gani.

Mshale ulimpata. Lakini ulimpata nyuma na chini, tumboni, mahali ambapo mwindaji mwenye haya hapapigi. Akaruka, akajikunja mgongo, akaingia msituni. Mimi nikarusha mikono juu kama niliyefunga goli. "Nimempata, Baba! Umeona? Nimempata!" Nikataka kutoka mbio nimfuate.

Baba akanishika mkono. Mkono wa mzee, lakini nilisimama kama nimegongelewa msumari. "Kaa chini."

"Baba, atatoroka!"

"Kaa chini, Mama. Umempiga tumbo. Ukimfukuza sasa ataenda mpaka nchi nyingine, afe peke yake, na hutamwona. Atalala karibu kama hatasikia miguu yako. Mimina chai."

Nikakaa. Nikamimina chai, nusu ikaingia kikombeni na nusu kwenye buti langu. Furaha yote ikaniisha, ikaja hofu. Jumanne inakuja, na Baba atakwenda nyumbani na habari gani? Kwamba binti yake alimtesa mnyama akampoteza? Dakika kumi ni kama siku nzima ukiwa umeketi na kosa lako, na sisi tulikaa mpaka jua likapanda juu kabisa.

Baba akatoka mara moja tu, akitembea polepole, akihesabu hatua zake mpaka pale kulungu aliposimama. Akarudi. "Arobaini na nane," akasema. "Wewe ulidhani ngapi?"

"Arobaini."

Akanywa chai yake. Halafu akanikaripia, na hakupaza sauti hata kidogo. Ningefurahi kama angepaza.

"Ulipokuwa ukisikiliza hadithi zangu nyuma ya mlango, unadhani nilikuwa sijui uko hapo? Nilijua. Lakini ulisikia nusu. Ulisikia kwamba mzee akimgusa mnyama sikio tu kwa mshale, jioni nyumbani wanakula. Ni kweli. Mimi nilikuwa na sumu. Mkono wangu ukikosea, sumu ilinisahihishia. Sumu ilinisamehe maisha yangu yote ya ujana. Chembe ya mshale wako, ile ncha, haina kitu, ni chuma kitupu. Sasa wewe ukikosea, nani atakusamehe? Si yule aliyelala kule na mshale tumboni."

Nikainamisha kichwa. Machozi yakaanza.

"Na jambo lingine. Yule mzee wa duka alikunyooshea vidole vitatu. Mimi Kiingereza sijui, Mama, lakini kuhesabu najua."

Wee! Ningepata shimo ningeingia. Nikalia kama mtoto, nikamwambia yote, nilivyodanganya na kwa nini. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikumaliza hata siku mbili. Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuniambia pale pale dukani?"

Akaweka kikombe chini. "Ulikuwa na furaha sana. Nami nilikuwa na hamu ya kuona upinde mikononi mwa mtu wa nyumbani kwangu kabla sijafa. Nikanyamaza. Kwa hiyo kosa hili tumelifanya wawili, na tutalifuata wawili. Ziba hizo pini."

"Nizizibe?"

"Acha ya juu peke yake. Nyingine huzijui na hazikujui."

Mimi mtu wa kutunza wagonjwa, mfukoni sikosi plasta. Nikatoa plasta mbili, nikazibandika kwenye ile duara kuanzia pini ya pili kwenda chini. Saiti yangu mpya, fahari yangu, imefungwa kama kidole kilichokatwa! Baba akaitazama, akacheka kicheko cha kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akainuka, magoti yakalia, akasema twende.

Mwanangu, nimeona mambo mengi katika nchi hii. Sijaona kama yale. Wewe umeshauona msitu wa mwezi wa kumi, kila jani jekundu. Sasa tafuta tone la damu juu ya jani jekundu! Macho ya Baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo mimi nikawa macho na yeye akawa akili. Mahali nilipoona wekundu aliinama akagusa kwa kidole, akasema, "Kavu, hili ni jani," au akasema, "Mbichi, tuko njiani." Kila damu tuliyoipata aliniamuru niache kipande cha karatasi ya tishu pale, nisipoteze nyuma nikitafuta mbele. Tukafika mahali damu ikakatika kabisa. Mimi nikaanza kuzunguka ovyo kama kuku aliyekatwa kichwa. Baba akasimama tu, akavuta hewa, akauliza maji yako wapi. Nikamwambia kuna kijito kule chini. "Mwenye maumivu ya tumbo anaona kiu," akasema. "Twende majini. Polepole. Usikanyage kijiti."

Tukashuka. Moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma, lakini ngoma nyingine, si ile ya asubuhi. Asubuhi nilitaka kuonekana. Sasa nilitaka tu kummalizia yule kiumbe mateso niliyompa. Nilikuwa naomba kimyakimya, Bwana, niongoze, nifikishe, sitaki kingine.

Baba ndiye aliyeona kwanza, na macho yake hayo hayo ya ukungu! Akaniwekea mkono begani. Chini ya mti ulioanguka, kando ya kijito, kulungu amelala, kichwa kimeinuka, masikio yanageuka polepole. Karibu. Baba akanong'ona sikioni, "Hatua kumi na nane. Pini iliyobaki ni yako."

Nikavuta. Ndani ya duara kulikuwa na pini moja tu, kijani, tulivu, nyuma ya bega lake. Hakuna cha kuhesabu. Nikaona unyoya mmoja mmoja. Nikaachia pumzi, nikaachia mshale, na kabla sijashusha mkono yeye alikuwa ameshaweka kichwa chini kama anayelala.

Sikurusha mikono juu. Nilipiga magoti pale pale, nina furaha na huzuni kwa pamoja, sijui niiteje hali hiyo. Baba akatembea mpaka kwa kulungu, akaweka kiganja shingoni mwake, akasema, "Pole, mama. Tulikuchelewesha." Halafu akanigeukia akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitikisatikisa, na uso wake ulikuwa umelowa. Nyama tuliisafisha kwa maji mengi, tukaibeba, na jioni ghorofa nzima ya Brooklyn Park ilinukia. Majirani waligonga mlango kuuliza kuna harusi gani.

Lakini lile neno nililolitaka, hakulisema. Jumapili ikapita. Nikasema basi, sistahili, kosa langu limenimeza.

Jumatatu asubuhi akaniambia, "Nipeleke kwa yule mzee wa duka."

Tukaenda. Nikaweka upinde na saiti yake mezani, plasta bado ziko juu. Yule mzee akavaa miwani, akaiangalia, akaniangalia, akacheka mpaka akashika meza. Bila swali akatoa ile ya pini tatu na kuanza kunifungia. Baba akasema, "Sasa mwambie maneno yangu. Uyaseme kama nilivyoyasema. Usizidishe, na leo usipunguze."

Nikaitikia.

"Mwambie nina watoto wanne."

Nikamwambia.

"Mwambie watatu ni wanaume, na nawapenda. Mwambie nina upinde wa baba yangu, uko darini, na nilikuwa nimeshakubali kwamba utaoza na mimi."

Nikamwambia.

"Mwambie Jumamosi binti yangu alikosea, akakaa chini na kosa lake, akalifuata mpaka mwisho, akalimaliza vizuri. Wengi nimewinda nao, wanaume wenye majina, wakikosea waliliacha kosa porini wakarudi nyumbani na hadithi. Mwambie upinde ule una mtu. Mtu wenyewe ndiye huyu anayekutafsiria."

Mwanangu, jaribu wewe kutafsiri maneno kama hayo! Nilisimama mbele ya yule mzungu, kamasi zinanitoka, nikasema kwa Kiingereza changu, neno kwa neno, kwamba mtu wenyewe ndiye mimi. Ilibidi nilitamke mwenyewe. Yule mzee akaweka bisibisi chini, akavua kofia, akampa Baba mkono, na wote wawili wakabaki wameshikana mikono bila lugha yoyote katikati yao. Jumanne nikampeleka uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata upinde ule ulinifikia, umefungwa kwenye mkeka. Uko ukutani nyumbani kwangu, umeuona mara nyingi.

Haya, sasa nikuambie wazi, nisije nikakuachia hadithi bila mafunzo.

Usichague saiti kwa macho. Chagua kwa sahani. Nenda uwanjani, weka sahani ya chakula, piga ukiwa umepiga goti, piga ukiwa na baridi, panda ngazi mbio kisha upige moyo ukiwa juu. Umbali ule ambao hukosi kamwe, huo ndio pini yako ya mwisho porini, hata kama wenzako wanakucheka. Kwa mtu anayeanza, tatu zinatosha na kusalia. Tafuta pini zilizoachana vya kutosha, ili kati ya moja na nyingine uone mnyama, si rangi. Ukitaka kujaribu mbali, kile kigurudumu cha kuzishusha pamoja kipo, kitumie uwanjani mpaka uchoke. Hakikisha skrubu zinakaza na hakuna kinacholia ukiutikisa upinde, maana kulungu ana masikio kuliko jirani yako. Na ukimaliza kuirekebisha, mpe mkono wako mwezi mzima wa kuizoea. Usifanye kama mimi, Ijumaa duka, Jumamosi msitu. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka mbili.

Lakini haya yote ni ya chuma, mwanangu. La moyo ni hili: pini ya mbali si ruhusa ya kupiga mbali. Mtu akikuwekea kitu mkononi, si kwamba amekupa na uwezo wa kukitumia. Hapa mjini nimeona vijana wetu wakibeba pini saba katika kila jambo, masomo matatu, kazi mbili, mapenzi sijui mangapi, na siku ya kuachia mshale hawajui wamelenga kwa ipi. Jua mpaka wako, na usione haya kuutaja mbele ya watu unaotaka wakusifu. Anayekupenda anaujua tayari. Na ukishakosea, usilikimbie kosa wala usilipambe kwa maneno. Kaa nalo, mimina chai, kisha ulifuate lilikoenda mpaka ulimalize.

Mungu akupe jicho lililotulia na mkono usio na pupa. Akupe mtu wa kukuambia kaa chini, na masikio ya kumsikia. Ukipata mnyama, nitafurahi, niletee ini. Lakini siku utakayovuta ugwe, ukaona hujui unalenga kwa pini gani, ukaushusha upinde polepole bila kuachia na kulungu akaenda zake mzima, siku hiyo nipigie simu hata kabla hujatoka msituni. Hiyo ndiyo siku nitakayokupikia.